Tawi la Kulifikia Mwenyewe

Kwetu Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mtoto hapandishwi mtini. Ndivyo tulivyolelewa kule Kivu ya Kusini: tawi utakalolifikia kwa mikono yako, ndilo lako. Usipolifikia, kaa chini ungoje kurefuka. Mparachichi nilioupanda tulipofika Uganda ulinilelea watoto namna hiyo. Mimi nikiwa shambani, wao wako pale, na jioni nilijua pa kuwakuta.

Mdogo wangu wa kike alihamia Ruti, pale Mbarara, akawa anauza vitenge. Nilipomtembelea nilikuta ua wa saruji, geti limefungwa, binti yake wa pekee anatazama televisheni mchana kutwa. Mwenye nyumba alisema miti ni ngazi ya wezi, na mdogo wangu naye akaanza kusema hivyo hivyo. Nikamtania kwamba anafuga mtoto kama kuku wa mayai. Hakucheka.

Likizo moja alimleta binti huyo kwangu. Watoto wangu wakaparamia mti, yeye akabaki chini amenyoosha mikono, machozi yanamlengalenga. Mimi nilikuwa jikoni. Mama yake akamwonea huruma, akamnyanyua, akamkalisha kwenye tawi la kwanza. Sasa mtoto aliyepandishwa atajulia wapi kushuka? Nilisikia kilio, nikatoka mbio na mwiko mkononi. Alikuwa ameanguka, akavunjika mkono.

"Dada, ule muti ukatwe," mdogo wangu alisema tuliporudi kutoka kliniki. "Kama hapana, huyu mutoto hutamuona tena hapa."

"Muti haikumuita. Ni weye ulimupandisha!"

"Weye unaachaka batoto bajilee benyewe."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, najua, lakini mimi pia ni mzazi. Nilikasirika hata sikuwasindikiza barabarani.

Hawakuja tena, likizo baada ya likizo. Katika ndugu zangu wote ni huyu tu niliyevuka naye mpaka, na binti yake nilimpokea kwa mikono yangu alipozaliwa. Niliogopa kuwapoteza. Mwishowe nikamwambia mume wangu achukue shoka. Watoto walisimama wakitazama. Kuni tulizipata nyingi, na kila nilipowasha moto moyo uliniuma.

Nikampelekea mdogo wangu habari, na Krismasi wakaja. Mdogo wangu aliukagua uwanja mtupu, akashusha pumzi, akanikumbatia. Binti alikuwa amerefuka, mkono umepona. Hata chai hakuigusa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi.

"Mama mukubwa, muti iko wapi?"

"Tuliukata, mwanangu. Juu ya weye usianguke tena."

Akasimama kwa ncha za vidole, akanyoosha mikono yote miwili juu, akatutazama mimi na mama yake.

"Kule Ruti nilikuwa najipimaka urefu ku geti," alisema. "Sasa ningefika mi mwenyewe."