Ndiyo ya Mama Mdogo

Nimerudi Kasongo nikiwa na mvi, rafiki yangu, na karibu na soko nikakuta chama cha viziwi kimekutana. Walikuwa wakidai mkalimani wa lugha ya alama hospitalini, mikono yao ikienda mbio. Nilisimama palepale juani, nikamkumbuka mama mdogo.

Alikuwa mdogo wake mama, kiziwi tangu kuzaliwa. Enzi zile za Wabelgiji hapakuwa na chama wala shule ya watu kama yeye. Palikuwa na nyumba yetu tu. Bibi ndiye aliyetunga naye ishara, na sisi watoto tulizijua kabla ya kusema vizuri. Kusugua viganja ilikuwa sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Jioni tulitwanga pamoja, yeye akisikia mchi kwa nyayo, na hakukosea zamu.

Fundi baiskeli wa Kabambare akampenda. Alijifunza ishara zetu polepole, huku tukimcheka. Lakini padri wa misheni, mzungu, alikataa kuwafungisha ndoa. Alisema asiyeweza kutamka ndiyo, haijulikani kama amekubali. Mama mdogo alilisoma jibu hilo usoni kwa bibi, akaenda kulala bila kugusa chakula.

Asubuhi bibi, ambaye kila alipoona mzungu alimpisha njia, alijifunga kitenge kipya, akatuchukua sote, pamoja na fundi, hadi misheni.

“Padiri, muulize tena,” alisema. “Mimi nitasema kwa mikono. Lakini usiangalie mimi. Angalia yeye.”

Padri akauliza. Mama mdogo alimgeukia fundi, akamuuliza jambo kwa mikono, na fundi naye akajibu kwa mikono, taratibu, akitafuta ishara. Ndipo mama mdogo akaweka kiganja kifuani, ishara yetu ya ndiyo.

Padri akamuuliza bibi walichoambiana.

“Ameuliza, kule Kabambare nani atasema naye. Bwana amejibu: mimi, na watoto wetu. Padiri, mutu mwenye kuuliza vile, iko na akili ya kukubali ao kukataa.”

Padri akawataka waje Jumamosi kufungishwa ndoa.

Waliishi Kabambare hadi uzee, na watoto wao walisema kwa mikono kabla ya midomo. Wote waliozijua ishara zetu wamekwisha kufa. Alama za vijana wale wa sokoni ni nyingine, za shule, na sikuelewa hata moja; nilifurahi hivyo hivyo. Yetu ilikuwa lugha ya nyumba moja, nayo nimebaki nayo peke yangu. Mara nyingine mikono yangu husema kitu yenyewe, na wajukuu huniuliza kama ninafukuza nzi.