Siku Niliyojiita Mwita

Niseme mapema kwamba breki hazikuwa na kosa, wala mlima, wala yule ng'ombe mtakayemsikia baadaye. Aibu yote ni yangu mwenyewe, na nikiisimulia leo ni kwa sababu Juma ameshaisimulia kila kona ya Suna, na kwa jinsi anavyoisimulia utadhani nilivaa leso ya mwanamke kwa kupenda.

Juma ana duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki. Amezaliwa hapa hapa lakini kwao ni Kiswahili tu, Kiluo chake kinaishia kwenye salamu na kuuliza bei. Mimi nafundisha hesabu, na Jumamosi zetu mimi na yeye ni za baiskeli, zile zenye matairi mapana kiasi na usukani uliopinda kama pembe za kondoo, ambazo kwenye lami zinakwenda na kwenye murram, barabara za udongo mwekundu, hazilalamiki. Juma alikuwa na wazo la kuchora njia za wageni wapenda baiskeli, watoke Suna, walale Sori, kesho yake wafuate ziwa kisha wapande vilima vya Gwassi, wapite msituni na kushukia Kisegi. Wazo zuri, nililipenda, ila Kisegi ndiko kwao Akinyi.

Akinyi ni mchumba wangu, anafanya kazi Homa Bay mjini, na Jumamosi iliyokuwa inafuata watu wetu walikuwa wanakwenda kwao rasmi mara ya kwanza, shughuli ambayo Waluo tunaiita ayie, mama wa msichana akubali au akatae. Sasa, kabla ya siku hiyo mwanamume haonekani akizurura kwa wakwe, na hata baada yake yeye na mama mkwe huheshimiana kwa mbali, hawakodoleani macho, hawali pamoja. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mama yake wala boma lao, hata kwa picha (nilikataa picha, nilitaka kufanya mambo kwa utaratibu, mnanijua). Nilipomwambia Akinyi kwa simu kwamba tunapita upande huo, akasema, "Basi msipitie barabara ya soko. Mama huuza samaki wake wa omena pale kila Jumamosi."

Nikamwahidi. Hapo ndipo yote yalipoanzia, kwenye kukwepa barabara ya soko.

Asubuhi ile Sori, tulikolala Ijumaa baada ya shule, tuliondoka vizuri, ziwa kushoto, mchanga kidogo, kisha mashamba ya mtama na mihogo, kisha kupanda, kupanda kweli kweli, Juma akisukuma baiskeli na kuitukana kwa upole, mpaka tukaingia kwenye miti ambako kuna ubaridi na ndege wanaongea juu kwa juu. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa na joto pia, kwa hiyo nikavua ile kaptura pana ninayovaa juu kwa adabu, nikabaki na ile ya ndani ya kubana yenye sponji makalioni, ambayo dada zangu wanaiita baika na wakiiona wanatoka nje kucheka. Nani angeniona msituni?

Tulipotokea upande wa pili tukaiona Kisegi chini. Barabara ya murram ilikuwa inazunguka taratibu kuelekea sokoni. Mkono wa kulia kulikuwa na njia ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja.

"Tufuate barabara," Juma akasema. "Ile si njia, ile ni korongo."

"Kuna mama anauza omena pale sokoni," nikamwambia, na nikamweleza habari yote. Akanitazama kama mtu anayetazama tairi lililokwisha, lakini akanifuata.

Njia ya ng'ombe bwana ni ya ng'ombe. Changarawe ilikuwa inateleza chini ya matairi, mimi nabana breki, baiskeli inakwenda tu, na nilipofika kwenye kona nikakuta mwenye njia amesimama katikati, fahali mweusi, hana haraka. Nikakata kushoto, nikapita kwenye uzio wa miti ya utomvu (nikasikia kitu kikichanika nyuma yangu, sikuwa na nafasi ya kuuliza ni nini), nikavuka uwanja uliofagiwa, nikasimamishwa na ukuta wa nyumba. Ukuta wa udongo. Ukuta mbichi, uliokuwa umekandikwa asubuhi hiyo hiyo, kwa hiyo sikuumia hata kidogo, ila nilipojibandua bega langu na helmeti vilibaki vimechorwa pale, wazi kabisa.

Wanawake wawili walikuwa wamesimama na udongo mikononi. Mmoja mnene, wa makamo, akashika mdomo. Mwingine mwembamba, mrefu, akanitazama, akaona nilivyochanika nyuma, akageuza uso upesi, akaingia ndani na kurudi na leso, ambayo alinipa akiwa anatazama mlima.

"Jifunge hii, kijana," akaniambia kwa Kiswahili. "Umeumia?"

Kwa nini Kiswahili? Nguo zile, nafikiri, na Juma aliyekuwa ameshafika akisema "samahani mama, samahani mama" kwa lafudhi ya dukani. Nami nikajibu kwa Kiswahili, "Hapana mama, asante," kwa sababu nilikuwa na haya na Kiswahili kilikuwa kimeshaanza. Wakatuketisha kivulini, wakatupa uji wa wimbi kwenye vibuyu. Sijawahi kutendewa wema kama ule na watu niliowaharibia nyumba.

Nilikuwa nimepiga mafunda mawili pale yule mnene alipomwambia mwenzake kwa Kiluo, polepole, kama watu wanavyosema mbele ya mgeni asiyejua, "Na wageni wa Akinyi wanakuja Jumamosi. Tazama huo ukuta."

Nikashusha kibuyu. Nikamtazama vizuri yule mwembamba, nikaona kipaji cha uso cha Akinyi, nikaona namna ya Akinyi ya kuinamisha kichwa. Sokoni hakwenda siku hiyo. Alikuwa amebaki nyumbani akandike nyumba, kwa ajili yangu.

Hapo ningesema. Mtu mwenye akili angesimama, angeomba msamaha kwa Kiluo, angeondoka. Lakini nilikuwa nimevaa leso ya mama mkwe, nakunywa uji wake, na baika imechanika. Na yeye ndipo akaniuliza, "Jina lako nani, kijana?"

"Mwita," nikasema. "Mimi ni Mkuria. Kutoka Isebania."

Juma akapaliwa na uji, nikampiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Basi wakaniamini, na wakaendelea na mazungumzo yao kwa Kiluo. Yule mnene alikuwa shangazi wa Akinyi, dada ya marehemu baba yake, na hakuwa amenikubali hata kidogo. Alisema wanaume wa Suna wana maneno matamu. Alisema mwalimu ni mtu wa kuvaa tai tu. Mimi natazama kuku. Kisha mama yake Akinyi akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye udongo aliokuwa anaukanda, "Mtoto aliniambia jambo moja tu juu yake. Kwamba mtu huyu hajawahi kumdanganya. Wewe unamjua kaka yako, unajua nilivyoishi na uongo wake. Nikasema, kama ni hivyo, aje."

Niliona aibu ya aina nyingine kabisa, si ile ya baika kuchanika. Ile ya kuchanika inakuunguza masikio na kupita. Hii ilinikaa kifuani, na bado ninaijua mahali ilipokaa.

Sikuweza kusema, na sikuweza kukaa, kwa hiyo nikainuka nikasema nitaurekebisha ukuta. Wakakataa, kukandika si kazi ya mwanamume. Nikang'ang'ania. Nikapiga magoti na leso yangu, nikaanza kujaza udongo pale bega langu lilipoingia, vibaya, shangazi akinielekeza kwa Kiswahili chake, "Si hivyo, wewe Mwita. Lainisha. Hii nyumba inangojea wageni." Nilikuwa nimefika kwenye helmeti pale simu ilipolia.

Simu yangu hukaa kwenye usukani wa baiskeli, kwa ajili ya ramani, na baiskeli ilikuwa imelala karibu na shangazi. Akaichomoa aniletee kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na udongo. Akaitazama. Akasimama. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya Akinyi akicheka, na chini yake jina nililomwandikia, Akinyi Wangu. Akampelekea mama yake Akinyi, naye akaitazama ile simu ikilia mpaka ikanyamaza.

Akaniangalia mara moja, akafuta mikono, akazunguka nyuma ya nyumba. Hivyo ndivyo desturi inavyotaka mbele ya mkwe, lakini nilijua hakwenda kwa sababu ya desturi.

"Mama," nikasema, kwa Kiluo safi, nikiongea na ukuta, "mimi ni Ochieng. Nisamehe."

Shangazi akaenda nyuma ya nyumba, akakaa kidogo, akarudi. "Anasema nyumba haijakauka," akaniambia. "Mwende tu. Leso ubaki nayo."

Tuliondoka kwa barabara ya soko. Nilimpigia Akinyi pale pale kando ya murram, nikamwambia yote tangu mlimani mpaka Isebania, sikuacha kitu. Akaniuliza, "Kwa nini hukusema tu jina lako?" Akasema ataongea na mama, lakini hatamwambia la kuamua, na akakata simu bila kuniaga.

Siku nne sikula vizuri. Jumatano, yule mzee aliyekuwa anatuunganisha na watu wao akanipigia kusema shughuli iko vilevile, tuje, hajui zaidi ya hapo. Kwa hiyo Jumamosi tulikwenda, mimi kwenye suti ya kijivu, wajomba zangu wakijipongeza njiani kwa jinsi mambo yalivyo laini. Nyumba ilikuwa imekauka. Wanaume tukaketi upande mmoja, akina mama upande wa pili karibu na mlango, na mzee wao akasema kijana asimame ajulikane.

Nikasimama. Nikasema kwa Kiluo, mimi ni Ochieng, nikataja baba yangu, nikataja babu yangu, nikataja tunakotoka. Nilikuwa naanza kuinama nikae pale sauti moja upande wa akina mama, tulivu, ambayo kwa kawaida siku ile haikupaswa kuniambia kitu moja kwa moja, iliponiuliza kwa Kiswahili:

"Tangu lini?"

Shangazi alitoka nje mbio, tukamsikia akicheka mpaka kule jikoni. Wajomba zangu wakatazamana. Mimi nilibaki nimeinama nusu.

"Tangu nizaliwe, mama," nikasema, nami kwa Kiswahili. "Siku ile niliogopa."

Akasema kwa Kiluo, kwa sauti ya mtu aliyechoka na aliyeamua, "Keti, mwanangu," na mzee wao akaendelea na shughuli kama mtu asiyesikia kitu.

Bado naendesha baiskeli, na njia ile ya Gwassi wageni wanaipenda. Lakini siku hizi tukiingia boma la mtu, hata kama ni kuomba maji tu, mimi hushuka kwanza, nikasalimia kwa lugha ya mama yangu, nikataja jina langu na la baba yangu, kisha ndiyo naomba. Juma anasema nachelewesha safari. Acha ichelewe.