Pacha Kumi na Moja wa Habaswein

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu Habaswein, na kiangazi kilipofagia mawingu nilijiona tajiri wa mbingu nzima. Nilikuwa na darubini ndogo ya mtumba, miguu yake nimeifunga kwa mpira wa tairi. Nilipenda nyota pacha, zile ambazo kwa macho matupu ni moja, lakini ndani ya darubini zinaachana taratibu, kubwa na ndogo, kama ngamia na mtoto wake.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa Kisomali aliyeuza maziwa ya ngamia. Baada ya isha alikaa mkekani uani, akingoja maziwa kutoka malishoni.

"Maalim, wewe bado natafuta bibi huko juu?"

"Nifanyeje, mama? Huku chini mahari yenu ni ngamia wengi mno."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio.

Msimu ule mbingu zilinifungulia mkono. Niliona pacha wapya ambao kitabu changu hakikuwataja, kumi na moja, kila mmoja na mdogo hafifu chini yake. Niliwachora daftarini, nikaandika barua kwa wataalamu wa ng'ambo wanaopokea habari za watazamaji kama mimi. Asubuhi ingepanda basi la Garissa. Sikuwahi kuwa wa kwanza kuona kitu chochote duniani, na jambo hilo nililitaka mno.

Usiku huo nilimwita mama ili mtu mmoja afurahi nami. Yeye alitambua chapa ya ngamia aliye mbali kabla mimi sijajua kama ni ngamia. Akainama, akafumba jicho moja.

"Ni moja."

"Tazama chini yake kidogo."

"Wallahi, maalim, hakuna kitu. Moja beke yake."

Nilikasirika. Nikatazama mwenyewe, na pacha wangu alikuwepo. Nikalaza kichwa begani, na yule mdogo akazunguka pamoja nami. Nikakiinua, naye akarudi. Nyota ya kweli haijali shingo ya mtu. Wote kumi na moja walikuwa ndani ya jicho langu la kulia, lililokuwa likiharibika huku mimi nikishangilia.

Nilikaa mkekani. Niliogopa, na niliona haya. Mama hakunitania. Aliizungusha darubini polepole, akaielekeza kwenye Rijili, nyota ya mguu wa Jabari, lile kundi la nyota lenye umbo la mwindaji.

"Hii iko na mtoto," akasema. "Ndogo sana. Iko bembeni, najificha."

Mtoto wa Rijili nilimchora mwaka wangu wa kwanza pale. Msimu huu sikumwona, nikalaumu vumbi kwenye kioo.

"Yuko upande gani?"

Akanishika mkono, akagusa katikati ya kiganja changu, kisha pembeni kidogo. Ni palepale nilipomchora.

Barua sikuituma. Nilifungua daftari kwenye mwanga wa kandili, nikaandika: Rijili, pacha, anga safi. Mwishoni palikuwa na nafasi ya jina la mtazamaji, ambapo siku zote niliandika langu bila kufikiri. Nikamwuliza mama jina lake, la baba yake na la babu yake. Nilikuwa nimekaa kwake miaka minne bila kuuliza. Nikaliandika lote, likajaza mstari.