Beberu wa Sikukuu ya Mavuno

Kwa miaka miwili Shigela hakusogea kwenye Meza ya Bwana. Wenzake wakiinuka, yeye anabaki benchi la nyuma akijifanya anafunga kamba za viatu. Sisi wa kanisa letu la Kisesa tulidhani ana mwanamke wa pembeni, maana midomo yetu haina likizo.

Sikukuu ya Mavuno mwaka huu alileta beberu mweupe, fahari ya zizi lake. Mimi ndiye mnadi wa sadaka baada ya ibada, na ulimi wangu hauna breki, nikamuuliza kama ameoteshwa. Akaninong'oneza kwamba ana dhambi inayomnyima usingizi, labda beberu huyu ataiondoa. Nikaona aibu kwa utani wangu.

Nikanadi. Wenye mabucha walifika elfu tisini wakakwama. Ndipo bibi Dorotea, mjane wa watu, akainua mkono: laki moja. Sote tulijua hiyo ni akiba yake ya mabati. Nilitangaza mara tatu, taratibu, nikimpa nafasi ya kughairi, lakini alinikazia macho mpaka nikagonga meza.

Akashika kamba, akamvuta beberu hadi benchi la nyuma, akamkabidhi Shigela. Akamwambia amrudishe nyumbani.

Shigela akainuka, kamba mkononi. "Mama," akasema mbele yetu sote, "yale mahindi yako ya mwaka juzi yaliliwa na ng'ombe wangu. Nikashika Biblia nikaapa kwamba si wao."

"Nilijua asubuhi ileile, baba. Nyayo zilikwenda mpaka zizini kwako. Nilishakusamehe, nilikuwa nakungoja tu. Na Yesu alishakufa kwa ajili ya hilo. Sitaki na beberu naye afe."

Mtu mzima yule akalia kwa sauti. Nami nililia, sifichi. Kwaya wakaanzisha pambio bila kungoja mwalimu wao, vigelegele vikapasuka, na katika kucheza kwetu hakuna aliyemwona beberu akimaliza maua ya madhabahuni.

Jumatatu Shigela alikuwa juu ya nyumba ya bibi akipigilia mabati mapya aliyonunua mwenyewe. Bibi alipomkumbusha kwamba hamdai kitu, alijibu kwamba anajua, ndiyo maana anapigilia huku akiimba. Jumapili akawa wa kwanza kwenda mezani.

Beberu yupo mpaka leo, mnene kupita kiasi. Wenye mabucha kila wakimuulizia bei, Shigela huwaambia kwamba wamechelewa, huyu alishanunuliwa.