Ufunguo wa Chumba cha Dini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya mtaa wa Molenbeek, huku ughaibuni, préfet, yaani mkuu wa sekondari, alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akaniuliza kama nimekuja kuandikisha mtoto. Nikamwambia nimekuja kufundisha dini ya Kiislamu. Akacheka kwa aibu, nami nikacheka, tukapatana tangu siku hiyo.

Nyinyi mnaoanza leo, mjue kazi yetu ilikwendaje. Saa ya dini ikifika, darasa lilivunjika: Wakatoliki huku, Waprotestanti kule, Waislamu kwangu mimi, Madame Zaina, na wa morale, somo la maadili yasiyo na dini, kwao. Saa mbili kwa juma, basi. Ramani zako ulibeba mwenyewe kwapani, ukipanda na kushuka metro nazo. Inspekta wetu, mzee wa sauti ya chini, aliniambia, "Madame, usihubiri. Hadithia, kisha waache waulize." Nilimsikiliza, na maswali sikuyakosa hata siku moja.

Kutoka Molenbeek nilihamishiwa Uccle. Huko kulikuwa na chumba cha dini chenye projekta na joto la kutosha, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Papa Kalonji, mwalimu wa dini ya Katoliki, mtu wa Lubumbashi. Mimi ni wa Kasongo, kule Maniema. Nilifurahi kupata mtu wa kuongea naye lugha yetu, nikamwomba ufunguo.

"Bon, Maman Zaina," akasema, "ile chambre iko ya dini, lakini dini yenye ilianza hapa njo yetu. Weye ungojee kwanza."

Nikangojea mwaka mzima kwenye ukumbi wa kulia, tukisoma huku supu inatokota nyuma ya ukuta. Iliniuma sana. Nikalipiza kwa kumsalimia Papa Kalonji kwa Kifaransa tu. Bonjour, monsieur, nikapita. Mtu wa kwetu anajua adhabu hiyo ilivyo kali.

Somo letu mwaka ule lilikuwa sira, yaani maisha ya Mtume, na tulifika siku Makka ilipofunguliwa. Niliwahadithia habari za Uthman bin Talha, si yule khalifa, bali mtu ambaye ukoo wake ulitunza ufunguo wa Kaaba. Zamani alikuwa amemkatalia Mtume kuingia. Sasa Mtume amerudi na jeshi, ufunguo uko mkononi mwake, na ndugu zake wenyewe wanauomba. Akamrudishia Uthman. Wengi walisamehewa siku ile, lakini hili la ufunguo lilikuwa haki pia, kwa kuwa amana hurudishwa kwa mwenyewe hata kama alikuudhi.

Msichana mmoja wa mbele, Samira, akanyoosha mkono. "Na wewe, Madame, ungekuwa na ufunguo wa Monsieur Kalonji, ungefanyaje?" Darasa zima likanitazama. Nikawaambia wafungue madaftari.

Haukupita muda, Papa Kalonji akasahau projekta ikiwaka toka Ijumaa hadi Jumatatu, ikaungua. Mkuu wa shule, mama asiyependa maneno mengi, akamnyang'anya ufunguo, akaja kunipa mbele ya wanafunzi wangu. "Ni wako sasa. Yeye atafundishia hapa." Akaondoka.

Wallahi nilitamani. Nilimwona kabisa Papa Kalonji akifundisha mitume wake kwenye mvuke wa vitunguu, na nikatabasamu. Lakini Samira alikuwa ananitazama bila kupepesa, nikajua nikiuweka ule ufunguo mfukoni, sira yangu yote itakuwa porojo.

Nikapanda ngazi, darasa zima nyuma yangu. Papa Kalonji alikuwa anakusanya vitabu vyake kwenye katoni.

"Jambo, Papa," nikasema.

Aliposikia Kiswahili aliketi. Nikaweka ufunguo juu ya katoni. "Njo huu ufunguo yako. Nitaongea na mukubwa. Lakini kila jeudi chambre iko yangu, na weye njo utanifungulia mulango, mbele kengele ilie."

"Maman, juu ya nini unanirudishia? Miye nilikunyima."

"Uliza hawa batoto."

Samira akamweleza, tangu Uthman mpaka mwisho. Papa Kalonji alisikiliza, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Mkuu alikubali, na kila Alhamisi nilikuta mlango wazi.

Nilimalizia kazi Evere. Sasa nimestaafu, nalea wajukuu, na bado watu huniuliza nilifundisha nini hasa miaka yote ile. Siku ya kuniaga, Papa Kalonji alikuja na mkongojo, akaomba neno. Akawahadithia walimu wote habari za ufunguo wa Kaaba, vizuri kuliko mimi, bila kuruka kitu. Halafu akajigonga kifua.

"Alors," akasema, "muone vizuri. Uthman njo miye."