Basi Lililozima Lenyewe Mlimani

Mara ya kwanza kuwaona wale wawili pamoja, mmoja alikuwa amemkaba mwenzake koo juu ya boneti la basi. Aliyekaba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamume wa miaka thelathini na kitu mwenye kifua kama mlango. Aliyekabwa alikuwa dereva mstaafu, mzee mwembamba, mwenyeji wa kijiji cha Muyama, na wala hakuwa akijitetea. Mikono yake ilining'inia tu. Mimi na rafiki yangu daktari tulimng'oa yule fundi kwa nguvu zetu zote. Daktari alichaniwa shati, mimi nikala kiwiko cha taya, na kesho yake wanafunzi wangu waliulizana chinichini kama mume wangu ananipiga. Sikuwa na mume.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia, nimepangiwa Kasulu kutoka Moshi. Baba yangu alikuwa mtu wa gereji, na kilichoniingia utotoni hakijanitoka: nikiona gari la zamani limelala mahali, siwezi kupita bila kulichungulia injini. Daktari, ambaye kwao ni Mtwara, alikuwa na ugonjwa huohuo. Wenzetu waliopangiwa huko walikuwa wakilalamikia vumbi na kuandika barua za uhamisho. Sisi tulizunguka mitaa tukitafuta makopo ya chuma. Mwaka 2012 tulilikuta basi hilo nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, basi la pua ndefu la enzi za wazee wetu, majani yamelifika madirishani na mpera umeota katikati ya ngazi ya nyuma. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameshapiga chaki mahali pa kukata. Tulichanga tukalinunua palepale, tukaomba liendelee kukaa uani.

Habari zikaenea, na watu wawili wakaja bila kualikwa. Yule mzee alikuja kwa sababu ndiye aliyekuwa dereva wake kwa miaka mingi kati ya Kasulu na Kibondo. Yule fundi alikuja kwa sababu kaka yake ndiye aliyekuwa kondakta wake, na aliuawa ndani yake.

Kisa kilikuwa kinajulikana mji mzima, sisi wageni ndio tuliokuwa hatukijui. Ilikuwa miaka ile ambayo majambazi wenye bunduki walikuwa wakiyateka mabasi porini. Basi lilitoka Kibondo asubuhi, likavuka mto Malagarasi, likaanza kupanda mlima, na katikati ya mlima likazima. Abiria walikuwa bado wanaulizana kulikoni, watu wenye silaha wakatoka kwenye miti. Kondakta alikataa kuachia mkoba wa nauli, wakampiga risasi mlangoni. Kesho yake basi lilivutwa hadi uwanja tambarare wa polisi. Wakachovya kijiti kwenye tenki, mafuta yamo. Fundi wa polisi akapampu mafuta kidogo kwa mkono, kama linavyopampiwa gari lolote la dizeli la zamani lililolala, likawaka.

Basi zima, mafuta yamo, kwa hiyo aliyelizima ni dereva. Hesabu yao ilikuwa fupi hivyo. Mzee aliwekwa ndani, akapigwa mpaka sikio moja likaacha kusikia, kisha akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Mji haukumwachia. Alipopita sokoni waliguna na kumwita jambazi, hata watoto waliozaliwa baada ya tukio. Yeye alikuwa na jibu moja tu: lilizima lenyewe.

"Oya, hapana," fundi alisema siku ile ya kwanza, akihema, damu ya mzee imemganda kwenye vidole. Familia yake ilikimbia vita kutoka Burundi, siku hizi ni raia, na akikasirika Kirundi kilimtangulia mdomoni. "Basi hili nitalifufua kwa mikono yangu. Nitalipandisha mlima uleule. Likifika juu bila kuzima, huyu mzee namuua, na ninyi mtakuwa mashahidi."

Mzee alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Sawa," akasema. "Na likizima?"

Fundi alimpa kisogo. Alichukua msumeno akaenda kuukata ule mpera.

Mtu asikudanganye kwamba kufufua basi ni kazi ya upole. Kwa miaka miwili tulilipiga lile basi kama tunalidai roho. Nati zilizoliwa na kutu tulizikata kwa tindo na nyundo nzito, cheche zikatuchoma mikono. Tulimuua swila chini ya kiti cha nyuma. Siku moja tukijaza upepo tairi la mbele, ringi ya chuma inayolishikilia tairi kwenye rimu ilifyatuka, ikapita karibu na kichwa cha mzee, ikatoboa bati la jiko la mjane na kutokea upande wa pili. Mjane alitoka na mwiko mkononi akitutukana kwa Kiha. Mimi nilimgeukia fundi, kwa sababu yeye ndiye aliyeifunga ile ringi, nikamwambia nikigundua alifanya makusudi nitamfunga yeye kwenye rimu. Alisema akitaka kumuua mzee atamuua mbele ya macho yake, si kwa tairi, na nilimwamini.

Cha ajabu ni kwamba wawili hao ndio waliolipenda basi kuliko sisi. Fundi alilijua tangu akiwa mdogo, alikuwa akipandishwa bure na kaka yake. Ukimwona akichomelea kiraka cha mlangoni ungedhani anafunga jeraha. Daktari alipotaka kuziba matundu ya risasi kwa pati ya kusawazishia bati, fundi alimnyang'anya kopo akalirusha juu ya ukuta. Mzee naye alikuwa akiingia ndani peke yake, anashika usukani, anakanyaga klachi, anabadilisha gia za basi lisilo na injini. Hawakusemeshana. Mmoja akihitaji spana iliyo kwa mwenzake, alimwambia daktari aichukue.

Kiangazi cha 2014 injini iliwaka, ikatema moshi mweusi uliofukuza kuku wa mtaa mzima. Jumamosi iliyofuata tukaenda Kibondo, sisi wanne tu, mzee akiendesha. Fundi alikaa mlangoni, mahali pa kondakta, spana ya magurudumu katikati ya magoti. Tulipofika Kibondo alitaka kila kitu kiwe kama enzi zile. "Mwenye basi aliagiza tenki lijazwe pomoni hapa Kibondo kila asubuhi," alisema. "Kaka aliniambia. Jazeni." Tukajaza, tukageuza.

Tulivuka Malagarasi. Mlima ukaanza. Mzee alirudi gia ya pili, halafu ya kwanza, na mshipa wa shingo yake ulikuwa umetuna. Niseme ukweli, niliomba lizime. Halikuzima. Lilipanda likinguruma kwa raha zake mpaka juu, likatuweka kwenye tambarare kama mzigo wa mahindi. Mzee alivuta breki ya mkono, akazima injini mwenyewe, akashuka, akasimama barabarani akisubiri.

Fundi hakumkawiza. Ngumi ya kwanza ilimpasua nyusi, ya pili ikamwangusha, halafu akaanza mateke. Daktari alimrukia akatupwa mtaroni. Mimi nina hasira za karibu na sijawahi kuficha. Nilichomoa wenzo wa jeki nikampiga fundi mgongoni kwa mikono miwili, nikampiga tena, mpaka akapiga magoti. Kama angesimama ningempiga kichwani. Hakusimama. Alikaa kwenye vumbi akilia kwa sauti, na mzee alikuwa amejikunja pembeni anatema damu.

Daktari alimshona mzee nyusi pale kwenye ngazi ya basi, bila ganzi. Hasira zangu sasa zikamgeukia mzee.

"Sema ukweli basi!" nilimfokea. "Umeona mwenyewe, limepanda!"

"Lilizima lenyewe."

"Lilizima vipi? Lilizima namna gani, mzee?"

Alinitazama kwa jicho lililobaki wazi. "Lilikohoa," akasema. "Likapata nguvu kidogo, likakohoa tena, ndipo likafa."

Injini ya dizeli ukiizima kwa mkono inakata papo hapo. Ikikohoa kwanza, imevuta hewa badala ya mafuta. "Mbona hukuwahi kusema?"

"Hakuna aliyeniuliza hivyo, mwalimu. Waliniuliza nimepewa shilingi ngapi."

Kesho yake nilimfuata fundi kwenye kibanda chake, nikamwambia aje afungue tenki kwa mikono yake mwenyewe, na asipokuta kitu simzuii tena. Alikuja, mgongo umevimba. Alilishusha tenki, akachomoa bomba la kunyonyea mafuta, lile refu linalofika chini karibu na sakafu ya tenki. Aliliziba mwisho kwa kidole gumba, akalizamisha kwenye beseni la maji la mjane, akapuliza kama mtu anayetafuta pancha. Mapovu hayakutoka mwishoni. Yalitoka katikati ya bomba, kwenye ufa mwembamba kama unywele.

Akapuliza tena. Mapovu yakatoka palepale. Alipuliza mpaka macho yakamwiva, na sisi watatu tumeinamia beseni.

Niliinamisha beseni kidogo kuwaonyesha. Basi likipanda mlima, mafuta yanakimbilia nyuma ya tenki, na bomba liko mbele. Tenki likiwa limejaa, ufa unabaki umefunikwa, basi linapanda. Mafuta yakiwa machache, ufa unabaki nje, bomba linanyonya hewa, injini inakohoa na kufa. Livute mpaka tambarare, mafuta yanarudi, pampu kidogo, linawaka. Daktari alimkumbatia mzee akapiga kelele, "Umepona, mzee wangu! Umepona!"

Mzee hakucheka. Alikuwa anamwangalia fundi.

"Mafuta yalikuwa machache," fundi alisema polepole, bomba bado liko mkononi. "Lakini yalitakiwa kujazwa asubuhi ileile. Nani alikuwa anasimamia kujaza?"

"Tuache hapo, mwanangu."

"Nani alikuwa anajaza?"

"Geji ya mafuta ilikuwa mbovu. Mimi niliamini nilichoambiwa."

Fundi alitupa bomba, akamkamata mzee shati, ngumi juu. Nilitafuta kitu cha kushika. Lakini mkono wake ulibaki hewani. "Alikwambia nini?"

Mzee alishusha pumzi. "Lilipozima kaka yako alishuka akachovya kijiti. Akaja dirishani kwangu. Akasema, mzee nisamehe, nimeuza nusu ya mafuta. Nikamwambia panda, tulirudishe kinyumenyume hadi bondeni. Alikuwa anapanda ndipo wakatokea."

"Na umepigwa miaka yote hii," nilisema. "Sikio limekufa. Umenyamaza kwa nini?"

"Niseme nini? Nilisimama kaburini, mama yake ananitazama. Nimwambie mwanao aliiba? Mtu ameshakufa, mwalimu."

Fundi alimwachia. Alikwenda kwenye basi, akachukua spana ya magurudumu, akaanza na kioo cha mbele, kile tulichokihangaikia mpaka Kigoma. Akavunja taa. Akapiga mlango alioushona mwenyewe, akaupiga mpaka ukakunjika, na viganja vyake vikachuruzika. Daktari alitaka kumshika, mzee akasema, "Mwacheni." Alipochoka alikaa kwenye vipande vya vioo.

"Mama asijue," akasema.

"Sijamwambia siku zote hizo," mzee akajibu, "nianze leo?"

Mimi nilichukia. Nilitaka nikasimame sokoni nimsafishe mzee kwa sauti yangu ya darasani. Alinikataza. Aliniambia jina la jambazi ameshalizoea, lakini yule mama hatazoea kuitwa mama wa mwizi. Nililia kwa hasira njia nzima ya kurudi nyumbani, na sikusema.

Basi tulilitengeneza tena, polepole. Mwaka 2015 wakimbizi wapya walikuwa wakiingia kutoka upande wa Munanila, mpakani, na soko la Kasulu lilijaa watu. Siku moja mzee alinisindikiza kununua rangi. Tulipopita kwenye magunia, muuza mahindi mmoja alimpigia mbinja, akasema kwa sauti, "Fungeni mikoba, jambazi anapita."

Fundi alitoka wapi sijui. Nilimwona tu akiruka juu ya magunia. Alimpiga yule mtu ngumi ya mdomo, jino likatoka, akampandia kifuani akaendelea kumpiga, na ilibidi wabebaji kadhaa wa mizigo wamvute. Watu walimzingira wakimpigia kelele. Ana wazimu? Si yeye aliyekuwa wa kwanza kumwita mzee jambazi? Alisimama anahema, vidole vinavuja damu.

Mama yake alikuwa akiuza maharage hatua chache kutoka pale. Aliinuka, akapenya katikati ya watu, akamshika mwanawe mkono uliokuwa ukivuja.

"Mwana wanje, mwanangu," alimuuliza, "unampigania mtu aliyemuua kaka yako?"

Soko lote lilikuwa linamsubiri. Midomo ya fundi ilifunguka, ikafumba. Nilimwangalia, nikamwangalia mama, ulimi wangu ukiniwasha.

Mzee ndiye aliyejibu. Alivua kofia yake, akainama kidogo mbele ya yule mama.

"Ana hasira tu, mama," alisema. "Msamehe."