Samaki Waliozoea Baridi

Mwezi uliopita nilirudi Sumbawanga kwenye msiba wa shangazi, nikapanga chumba katika nyumba ya wageni pale Chanji. Mapokezi wameweka tangi la kioo lenye samaki wekundu wa dukani. Nilisimama mbele yake na begi mkononi mpaka dada wa mapokezi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Ningemweleza nini? Wewe nitakueleza.

Nilikuwa darasa la nne mama alipofariki. Mdogo wangu wa kike hata shule alikuwa hajaanza. Alikuwa mtoto wa kuimba, anaimba hata akila. Baada ya mazishi akanyamaza, kisha akaacha kula. Bibi, mama yake baba, alimpikia uji wa ulezi akautia maziwa na sukari, akamshika kidevu. Uji ukatoka pembeni mwa mdomo ukamwagikia nguo. Mpaka leo nikisikia mtu anakwangua sufuria, naiona nyumba yetu ya wakati ule. Muuguzi wa zahanati alimpima, akamwambia baba kwamba mtoto hana homa wala minyoo, ila akiendelea hivi hatafika mbali. Alisema hayo nami nimesimama palepale.

Baba alikuwa fundi wa madirisha. Alikumbuka kwamba mama alipokuwa akifua kijitoni, upande wa Kizwite, mdogo wangu alizoea kulala kifudifudi ukingoni akitazama samaki. Basi akakata vioo, akaviunganisha kwa gundi, akapata tangi, akaliweka karibu na kitanda cha mtoto. Nadhani hakuwa na kitu kingine cha kumfanyia mwanawe.

Akateremka Muze, kule bondeni kwenye joto, akarudi na perege wadogo wa ziwani ndani ya dumu. Mdogo wangu aligeuza shingo kuwatazama, na bibi akanibana mkono kwa furaha. Lakini ilikuwa Juni, na Juni ya kwetu Ufipa, juu mlimani, unaijua: upepo unapita chini ya mlango, maji ya ndooni yanauma meno. Perege wakaanza kulala ubavu. Baba akasogeza jiko la mkaa, bibi akawa anamimina maji ya vuguvugu kikombe kwa kikombe. Kulipokucha wote walikuwa wanaelea, na mtoto aliwaona kabla hatujawaondoa. Siku hiyo alikataa hata maji.

Jirani yetu, mama wa Kisukuma aliyehamia kwetu na mumewe na ng'ombe wao, akatuletea kambale mdogo wa bwawani. Alisema huyu hafi ovyo. Kweli hakufa. Alijibanza chini, halafu ghafla anaibuka kuvuta hewa, ndevu zake zikipapasa kioo. Mtoto alijifunika shuka gubigubi akitetemeka. Jirani akamchukua samaki wake, akarudi kwake analia.

Hapo baba aliishiwa nguvu. Alikaa kizingitini, akasema, "Mama, nimeshindwa. Huyu naye anamfuata mama yake."

Bibi aliingia ndani, akafungua sanduku la marehemu, akatoa khanga. Baba akasema hiyo isiguswe.

"Mwenyewe haihitaji tena," bibi akasema. "Mtoto anataka samaki waliozoea baridi. Twende pale mama yake alipokuwa anafulia."

Jirani akabaki na mtoto, sisi tukaenda. Bibi na baba walishika ncha za khanga kama wavu, mimi nikawaswaga samaki kutoka kwenye majani huku maji yakinikata miguu. Tulipata vijisamaki vya rangi ya udongo, vyembamba, ambavyo hakuna mtu angevikaanga wala kuviuza. Tukachota na maji yao ya kijitoni, na mchanga wao.

Hawakufa. Kesho yake jioni bibi alikuwa anasonga ugali, nikasikia sauti iliyokwaruza, kama ya mtu mwenye mafua.

"Bibi, hawa hawajala."

Bibi aliacha mwiko chunguni, akampa tonge. Mtoto akamega chembe, akazidondosha majini, akawatazama wakigombania. Akamega tena, na safari hii akatia mdomoni mwake. Baba alitoka nje. Nilimsikia nyuma ya nyumba akilia kwa sauti, kilio ambacho hakulia hata makaburini.

Sasa baba hayupo, bibi hayupo. Kijito kimekuwa mtaro wa maji machafu katikati ya nyumba za watu. Niliwauliza vijana wa pale kama bado kuna samaki, wakacheka. "Samaki huku, mama? Labda sokoni."

Mdogo wangu anaishi Mbeya na wanawe. Nilimpigia simu nikamsimulia yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hakumbuki lolote, hata sura ya mama haimjii.

"Dada, mama alikuwa na sauti ya namna gani?"

Nilifungua mdomo nimweleze, nikakuta sauti yake imeshanitoka akilini.